John Mbiti na Kesho ya Ukambani

Mwaka 1969 Mkamba mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha kitabu cha Kiingereza kilichosimama juu ya maneno mawili ya Kiswahili. Maneno yenyewe ni sasa na zamani. Aliyaandika kwa herufi kubwa, akawaambia wasomaji wa dunia nzima kwamba humo ndimo Mwafrika wa jadi anamoishi: katika Sasa iliyo pana, inayobeba leo, jana na muda mfupi ujao, na nyuma yake Zamani yenye kina kirefu ambamo kila tukio hatimaye huzama. Mbele ya Sasa, alisema, karibu hakuna kitu, kwa kuwa jambo ambalo halijatokea haliwezi kuhesabiwa kuwa wakati. Kitabu hicho ni African Religions and Philosophy, na mwandishi wake ni John Samuel Mbiti. Tangu siku hiyo, popote falsafa ya Afrika inapofundishwa, jina lake halikosekani. Wapo wanaolitaja ili kumfuata, wapo wanaolitaja ili kumpinga.

Ukikisoma kitabu hicho ukiwa Machakos, dai lile la mwisho linakukatalia. Inua tu macho kutoka kwenye ukurasa utazame miteremko ya Iveti na Mua. Imekatwa ngazi kwa ngazi, tuta juu ya tuta, na katikati ya matuta kuna mahindi, mbaazi, miembe na migrevilea. Watu walioinama na majembe kuyachimba matuta hayo walikuwa wakifikiria nini, kama si miaka ambayo ilikuwa haijafika? Nitalifuata swali hilo, kwa sababu ndilo linaloamua Mbiti tumweke wapi. Na maoni yangu nayatanguliza ili msomaji asihangaike kuyatafuta: Mbiti alikosea kuhusu kesho, na bado ndiye mwanafalsafa mkubwa kuliko wote waliotoka Ukambani. Kenya ilimpa heshima. Haikumpa kitu ambacho mwanafalsafa anakihitaji kuliko heshima, nacho ni kubishiwa na watu wake mwenyewe, kwa lugha zao.

Maisha yake yalikuwa safari. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1931, akalelewa katika Africa Inland Church, akasoma Alliance High School huko Kikuyu, kisha Makerere alikohitimu mwaka 1953. Alivuka bahari kwenda chuo cha Barrington, Rhode Island, Marekani, na aliporudi akafundisha katika chuo cha ualimu cha Kangundo, humu humu Machakos, kabla ya kuondoka tena kwenda Uingereza. Cambridge ilimpa shahada ya uzamivu mwaka 1963. Aliwekwa wakfu kuwa kasisi wa Kianglikana na kutumikia parokia ya St Albans, kisha mwaka 1964 akarudi Makerere kufundisha Agano Jipya pamoja na dini na falsafa za Kiafrika. Alikaa hapo miaka kumi. Mwaka 1974 alihamia Uswisi, akaongoza taasisi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni iliyoko Bossey hadi 1980, na baada ya hapo akawa mchungaji katika mji wa Burgdorf na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Bern. Burgdorf ndiko alikofia, Oktoba 2019.

Nimeipita safari hiyo haraka kwa makusudi, kwa sababu kilicho muhimu zaidi kilitokea kabla yake. Akiwa kijana, Mbiti alizunguka Ukambani akikusanya hadithi. Kitabu chake cha mwanzo, kilichotoka mwaka 1954, kilikuwa cha Kikamba. Mkusanyiko wake wa hadithi za Wakamba ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966, miaka mitatu kabla ya kitabu kilichompa jina. Falsafa yake ilianzia kwenye sikio, pale jioni msimulizi anapoanza kutamba. Anayemsoma bila kulijua hilo atadhani ametunga nadharia maktabani tu, akiwa Cambridge, na atakuwa amekosa nusu ya jambo.

Sasa tuulize habari ya hadhi. Katika nchi kama Uingereza, mwanafalsafa anaweza kuwa mtu wa hadharani kabisa. Bertrand Russell alifungwa mwaka 1918 kwa kuipinga vita, na akafungwa tena mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 89, kwa sababu ya kupinga silaha za nyuklia. Mary Warnock alikabidhiwa na serikali uenyekiti wa kamati iliyochunguza uzazi wa maabara. Ripoti yake ya mwaka 1984 ndiyo iliyoandaa njia ya sheria ya mwaka 1990. Mmoja alisimama kinyume cha dola, mwingine akaketi mezani pake, lakini wote wawili walijulikana na watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha falsafa.

Kenya nayo imewahi kumwona mwanafalsafa akisimama mbele ya umma. Mwaka 1987, katika kesi ya kugombania maziko ya wakili S. M. Otieno, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa ushahidi mahakamani kuhusu mila za Waluo. Nchi nzima ilikuwa ikiifuatilia kesi hiyo magazetini. Oruka alikuwa na tabia ya kwenda kwa watu. Aliwatafuta wazee wenye hekima vijijini, akawahoji mmoja mmoja, akaandika majina yao na hoja zao, kama alivyofanya kwa Paul Mbuya Akoko. Alitaka kuthibitisha kwamba Afrika ina watu wanaofikiri wakiwa na majina yao na misimamo yao, hata pale wanapopingana na kijiji kizima. Alifariki mwaka 1995, baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi.

Mbiti hakupanda kizimbani wala kuongoza kamati ya serikali. Umaarufu wake ulipitia milango mitatu: kanisa, shule na kitabu. Mlango wa shule ndio uliofika mbali zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma somo la dini ya Kikristo katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 alikutana na mada ya urithi wa dini ya Kiafrika: Mungu, roho, wahenga, jamaa, hatua za maisha. Mpangilio wa fikra hizo una alama za vidole vya Mbiti kila mahali. Jina lake mwanafunzi huyo huenda hakulisikia hata mara moja. Hiyo ni hadhi ya ajabu, kuingia katika vichwa vya vizazi vizima bila kutambulishwa kwao.

Turudi kwenye wakati, maana hapo ndipo penye nyama.

Dai la Mbiti halikuzuka hewani. Alikuwa mchungaji aliyekabiliwa na tatizo la kichungaji. Wamishenari walipowahubiria Wakamba kwamba Yesu atarudi, waumini wengi walitarajia arudi upesi, mbele ya macho yao, kabla hawajazeeka. Kwa nini ahadi isiyo na tarehe isikike kama ahadi ya mwaka huu? Mbiti aliichunguza lugha. Alizipanga nyakati za vitenzi vya Kikamba na kuona kwamba zinarudi nyuma hadi mbali sana, ilhali kwenda mbele zinafika miezi michache tu. Akahitimisha kwamba msikilizaji aliyeambiwa habari za mwisho wa dunia kwa kitenzi cha Kikamba hana budi kuuweka mwisho huo karibu. Kutoka kwenye vitenzi vya lugha chache akaruka hadi kwa Waafrika wote.

Hatua ya kwanza ni ya mtu makini, na naikubali kwa sehemu kubwa. Kuruka kule ndiko kulikomponza. Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alionyesha kwamba lugha ya Waakan ina njia zake za kuzungumzia mambo yajayo, na kwamba huwezi kulihukumu bara zima kwa sarufi ya majirani wawili watatu. Sisi wenye Kiswahili hatuna haja ya kwenda Ghana kutafuta ushahidi. Lugha ileile iliyomwazima Mbiti maneno yake mawili ina kesho, ina keshokutwa, ina mtondo kwa siku ya tatu na mtondogoo kwa siku ya nne. Ina mwakani. Ina kiambishi -ta- kisichouliza kama jambo ni la kesho asubuhi au la wajukuu. Na mzee anapomwambia kijana kwamba akiba haiozi, kijana haulizi akiba ya lini.

Mtetezi wa Mbiti anaweza kujibu kwamba Kiswahili ni cha pwani, na kwamba hata maneno zamani na sasa yenyewe yana asili ya Kiarabu. Kwa hiyo tusikitumie kumhukumu Mkamba wa bara. Ni jibu la haki. Basi tubaki Ukambani.

Machakos yenyewe imepewa jina la mtu anayekumbukwa kwa kuona mbali. Wenyeji huuita mji wao Masaku, jina la kiongozi ambaye masimulizi yanamtaja kuwa mwaguzi. Naye Syokimau, nabii wa kike wa karne ya 19, anasimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka kwenye maji hadi kwenye maji, pamoja na watu wa rangi ngeni wanaobeba moto mifukoni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Leo Syokimau ni jina la eneo katika kaunti ya Machakos, na tangu mwaka 2012 kuna stesheni ya reli yenye jina hilo. Sidai kwamba masimulizi ya unabii ni ushahidi wa kisayansi. Nasema kwamba jamii inayomtunza nabii wake kwa zaidi ya miaka mia moja, na kumpa cheo kwa sababu aliyaona yajayo, ni jamii ambayo mambo yajayo ina mahali pa kuyaweka.

Ukitaka ushahidi wa jasho, upo pia. Mwaka 1849, mmishenari Krapf alipofika Ukambani, alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu tangu kabla ya mmishenari yeyote kuwafundisha juu ya mwisho wa dunia. Msafara wa namna hiyo unataka chakula cha njiani, wapagazi, mapatano na watu wa kila kituo, na matumaini ya faida itakayoonekana baada ya miezi mingi. Kisha kuna mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipoamuru mifugo ipunguzwe na Muindi Mbingu akawaongoza watu wa Machakos hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini ng'ombe walirudi. Ng'ombe kwa Mkamba wa wakati ule alikuwa mahari ya mtoto aliye bado mgongoni na kinga ya ukame ambao haujatokea. Mtu haandamani maili arobaini kwa ajili ya wakati usiokuwapo.

Hoja iliyo nzito kuliko zote, kwangu mimi, ni udongo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiangalia Machakos wakaona jangwa linakuja: makorongo, mawe matupu, watu wengi mno. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliofuata wilaya hiyo, Makueni ikiwa bado ndani yake, kutoka 1930 hadi 1990. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wakulima walikuwa wamechimba matuta, wamepanda miti, wamebadili mbegu, na mengi ya hayo waliyafanya baada ya mkono wa lazima wa mkoloni kuondoka. Kazi ya matuta ya kulazimishwa waliichukia. Kazi ileile, ilipokuwa yao wenyewe katika vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ilipanda mlima. Njia iliyoshika zaidi inajulikana kote kwa jina la Kiswahili, fanya juu: unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, kisha unaiachia mvua ya misimu kadhaa ikutengenezee tambarare. Siku ya kuchimba huvuni chochote. Unachimba ili shamba libadilike umbo miaka michache baadaye.

Hapa Mbiti ana njia moja ya kujitetea, na sitaki kuificha, maana ni nzuri. Alikubali kwamba Mwafrika anayajua mambo yanayorudi kwa mzunguko wa maumbile: mvua, mavuno, kuzaliwa kwa aliye tumboni. Hayo aliyaita wakati ulio katika uwezekano. Je, matuta si ya aina hiyo, maandalizi ya mvua ambayo lazima ije? Angekuwa anazungumzia nchi nyingine, ningesalimu amri. Machakos ina mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei, na kila mkulima anajua kwamba zote mbili zinaweza kukudanganya. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti kilichoko karibu na mji, yanapendwa kwa sababu yanakomaa upesi kabla mvua haijakata. Mabwawa ya mchanga katika mito ya misimu ya Machakos na Kitui huchukua misimu kadhaa kujaa mchanga. Mambo haya yote ni maandalizi ya siku ambayo mzunguko utavunjika. Mkulima anachimba mtaro kwa sababu hana hakika. Anaifikiria kesho inayoweza kuja kwa namna mbili, na kujijengea ngome dhidi ya ile mbaya. Katika mpango wa Mbiti, fikra hiyo haina chumba.

Upo utetezi mwingine: Mbiti alisema elimu ya shule na Ukristo vilikuwa vikiwafungulia Waafrika mlango wa wakati ujao, kwa hiyo matuta ya karne ya 20 yanaweza kuhesabiwa kuwa mavuno ya mlango huo. Misafara ya Kivoi inatosha kuujibu.

Wapinzani wake wakubwa hawakusimama kwenye wakati tu. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwashutumu wasomi wa aina ya Mbiti kwamba waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili impendeze mgeni Mkristo. Paulin Hountondji wa Benin alimweka kundi moja na padri Mbelgiji Placide Tempels, aliyeandika habari za falsafa ya Kibantu huko Kongo mwaka 1945, na Alexis Kagame wa Rwanda. Hao aliwalaumu kwa kuchukua imani za jamii nzima na kuziita falsafa, hali falsafa ni kazi ya mtu mmoja mmoja anayehoji. Oruka alikuwa upande huo pia. Lawama ya Okot ina uzito: Mbiti alimtafuta Mungu mmoja kila alikokwenda, akampata miongoni mwa karibu mataifa 300 aliyoyachunguza, na upataji wa namna hiyo unatia shaka. Lawama ya Hountondji naikubali nusu. Mbiti aliandika "Waafrika" pale alipopaswa kuandika "wazee niliowasikiliza". Lakini kuzipanga fikra za watu wako mpaka zikawa hoja inayoweza kukataliwa ni kazi ya falsafa. Mtu asiye mwanafalsafa hapati wapinzani wa kiwango cha Gyekye na Hountondji.

Na kuna sehemu ya hoja yake ambayo haijavunjika. Mbiti alisema marehemu haondoki kwenye Sasa siku ya mazishi. Maadamu yupo mtu aliyemjua anayeweza kumtaja kwa jina, marehemu ni mfu aliye hai. Bado ni wa nyumba ile, bado ana haki ya kukumbukwa. Anayemjua wa mwisho akifa, hapo ndipo marehemu anapozama katika Zamani na kuwa mmoja wa roho zisizo na jina, wale ambao Wakamba huwaita aimu. Aliyewahi kuketi katika mkutano wa ukoo kupanga matanga anajua kwamba maelezo haya ni sahihi kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya kifo. Yanaeleza kwa nini mjukuu hupewa jina la babu, kwa nini kaburi huwekwa ubavuni mwa shamba, kwa nini kesi ya maziko ya mwaka 1987 iliitikisa nchi. Vivyo hivyo fundisho lake kwamba nafsi ya mtu hupatikana ndani ya wenzake limeenea hata kwa watu wasiojua limetoka wapi. Ukilitazama kwa makini, mwethya ni fundisho hilo likiwa na jembe mkononi.

Jambo la ajabu ni kwamba maisha ya Mbiti yenyewe yaliipinga nadharia yake. Akiwa mzee, akiishi Uswisi, alikaa chini akatafsiri Agano Jipya zima katika Kikamba, moja kwa moja kutoka Kigiriki. Lilichapishwa mwaka 2014 na Kenya Literature Bureau, yeye akiwa na zaidi ya miaka 80. Wakamba walikuwa tayari na Biblia tangu enzi za wamishenari. Mtu hafanyi kazi ya namna hiyo, katika umri huo, mbali na nyumbani, kwa ajili ya Sasa yake. Aliwafanyia watu watakaozungumza Kikamba baada yake.

Kwa hiyo nikiulizwa hadhi yake ni ipi, nasema ni kubwa ugenini na pungufu nyumbani, na upungufu huo ni deni letu. Tumemzika kwa sifa bila kumjibu. Ukambani ina vyuo vikuu, ina walimu wa dini katika kila shule, ina wazee waliochimba matuta kwa mikono yao na bado wanaweza kueleza walikuwa wakiwaza nini. Hakuna mahali pengine duniani ambapo hoja ya Mbiti inaweza kupimwa vizuri zaidi. Mwalimu wa Machakos unayesoma haya, muhula ujao waambie wanafunzi jina lake, waeleze alichosema juu ya Sasa na Zamani, kisha wapeleke Iveti wakaongee na mzee mwenye matuta. Waache wao waamue.